Tumbo la Chupa na Tumbo Lako

Mama yangu uliyekikataa kisu,

Shikamoo. Najua huitikii, na hata ulipokuwa unaitikia ulikuwa unachelewesha makusudi, ili mtu asimame mlangoni na mzigo wake kichwani mpaka uridhike. Leo nimekuamkia na naendelea bila kusubiri. Nina hasira na wewe, na nimechoka kuwaambia watu kanisani kwamba nimeyapokea mapenzi ya Mungu.

Nakuandikia hadharani kwa sababu Nangwa nzima ina habari zako, na inazo vibaya. Wapo wanaosema ulikufa kwa sababu hospitali ilikuwa mbali. Haikuwa mbali, tulikwenda na kurudi tukakuta maharage bado jikoni yana moto. Wapo wanaosema ulirogwa na mawifi zako, na hao nawaacha. Wapo wanaosema binti yako, yule wa maabara, ndiye aliyekuruhusu unywe uyoga. Hao ndio wanaonikosesha raha, maana hawajakosea sana.

Unakumbuka zizi letu asubuhi? Ulizaliwa kwa wafugaji wa huko chini tambarare, ukaolewa huku juu kwa wakulima wa ngano na maharage, na mpaka unazeeka hukuacha kutukumbusha kwamba sisi wote ni watu wa jembe. Kabla ya chai ulinishika mkono ukanipeleka kwa ng'ombe, na kazi ya kwanza haikuwa kukamua, ilikuwa kuangalia mavi. Uliinama, ukayageuza kwa kijiti, ukayanusa kama mtu anayeonja mboga. Huyu amekula majani mabichi mno. Huyu ametoa punje za mahindi nzima nzima, tumbo limelala. Na tulipowanywesha ile dawa ya minyoo, mizizi michungu uliyoichemsha mwenyewe kwenye sufuria ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa, kesho yake ulikwenda kunusa tena. Ukisikia harufu ya mizizi, ulisema, "Imefika." Usipoisikia, ulikasirika. Ulisema ng'ombe ameigeuza chakula, imeliwa njiani, na inabidi tuanze upya na mizizi mikali zaidi.

Nilikuwa nakuona mtu mwenye akili kuliko wote wilaya nzima ya Hanang. Nilipofika chuo nikachagua kusoma chakula na tumbo, na lawama za uchaguzi huo ni zako.

Ulikuja Arusha kunitembelea mara moja tu, ukiwa na kuku wawili ndani ya kikapu na gauni la ibada. Nilikuingiza maabara nikakuonyesha tumbo letu. Ulitegemea kitu chenye nyama. Ukakuta chupa za kioo zimepangwa kwenye beseni la maji yenye joto la mwili, beseni linatikisika taratibu, basi. Nilikueleza kila kitu, na ulinisikiliza kwa heshima kama vile mimi ndiye mchungaji. Kwanza tunaweka mate, ya kutengeneza. Halafu asidi na dawa inayokata nyama, kama ndani ya tumbo. Halafu nyongo na maji ya kongosho, ya nguruwe, tunayanunua yakiwa unga. Mwisho kabisa tunaweka kinyesi kibichi cha mtu mzima mwenye afya, kwa sababu ya wadudu wadogo wanaoishi kwenye utumbo mpana na kumalizia kazi. Katika kila hatua tunachota kidogo tuone chakula kimekatika kiasi gani.

Hapo heshima ilikuishia. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ulisema serikali inasomesha watu mpaka wanaota mvi ili wajifunze kutengeneza mavi, wakati kwenu yanapatikana bure. Wenzangu walicheka, mimi nikacheka, na wewe siku ile ulikuwa mzima, umenenepa, una sauti ya kusikika mpaka barabarani. Nilikupenda sana siku ile. Naiandika hapa mapema kabla sijafika kwenye mengine.

Mengine yalianza na kiungulia. Halafu ukawa unarudisha chakula, halafu gauni la ibada likaanza kukuning'inia mabegani. Nilikupeleka hospitali ukameza mpira wenye kamera, na ulipotolewa ulimwambia daktari kwamba hata ndama anapewa dawa kwa adabu kuliko hivyo. Daktari alikuwa kijana mpole. Alituketisha akasema kuna uvimbe tumboni, ni ule mbaya, lakini haujaenda mbali. Akasema wakikata ile sehemu ya tumbo mapema, unapona. Alilirudia neno hilo, unapona, na mimi nikaanza kulia kwa furaha, mjinga mimi, nikidhani kwamba jambo limekwisha.

Tulipofika nyumbani ulivua viatu, ukakaa kwenye kigoda chako, ukaniambia: "Nimechinja na kuona wakichinja tangu nina meno ya utoto. Sijaona mnyama aliyefunguliwa tumbo akainuka akaenda kunywa maji."

Nilikuambia wewe si mnyama. Ukaniuliza nani amesema.

Sasa nimtaje kaka. Wasiomjua, Bura ni mtoto wako wa kwanza, kipenzi chako, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi Jorodom, pale Katesh, mpaka tope liliposhuka kutoka mlimani likapita nalo. Alilichimba duka lake kwa koleo akakuta kufuli. Mtu aliyepata hayo nilimruhusu awe na wazimu kidogo. Ndipo akaanza uyoga. Alikuwa anapanda msituni, anabandua ule uyoga mgumu wa kahawia unaoota kwenye magogo, anauanika juu ya bati, halafu anausagisha kwenye mashine ileile tunayosagia mahindi, na aliyefuata foleni alikwenda kupika ugali mchungu. Wateja walijaa. Katesh ilikuwa na watu waliozika familia zao na hawapati usingizi, watu ambao wangekunywa hata maji ya betri kama ungewaambia yanatuliza. Aliwauzia usingizi, akawauzia sukari na presha, na baadaye akaja kukuuzia wewe uhai. Wewe alikupa bure, nikiri hilo. Alikuwa anaamini. Kama angekuwa tapeli ningekuwa na kazi rahisi zaidi ya kumchukia.

Tulibishana mbele yako mchana kutwa. Yeye alisema uyoga ni dawa, Wachina wanautumia tangu zamani, ameona kwenye simu. Mimi nilisema kwenda kukatwa ni wiki hii, sio mwezi ujao. Wewe ulikuwa unachambua choroko. Ulipochoka na kelele zetu ulinyanyua mkono, ukasema neno ambalo nililichukua kama zawadi kutoka mbinguni:

"Ipeleke kwenye lile tumbo lako la chupa. Litakachosema, nitafuata."

Kaka akakubali. Mimi nilikubali haraka kuliko yeye. Nilijua jibu hata kabla sijafunga begi. Kilicho ndani ya uyoga ule, kile ambacho wauzaji wote wanakisifia, ni minyororo mirefu ya sukari ambayo wataalamu wanaiita polisakaridi. Mirefu, imejipindapinda, na mwili wa binadamu hauna mkasi wa kuikata. Kisichokatwa hakiingii kwenye damu. Kisichoingia kwenye damu hakina habari na uvimbe. Nilikuwa na uhakika wote, mama, na nilikuwa na furaha ya mtu anayekwenda kushinda kesi.

Nilifanya kazi ile kwa uangalifu ambao sijawahi kuufanya kwa ajili ya shahada yangu. Niliuchemsha unga wa kaka kama wewe ulivyokuwa unauchemsha. Nikauweka kwenye mate, hakuna kilichotokea. Nikauweka kwenye asidi, minyororo ikalegea kidogo sana, basi. Nikauweka kwenye nyongo, ikapita ilivyo. Ni kwenye zile chupa za mwisho tu, za kinyesi, ndipo wadudu walipoishambulia, wakaila, wakatoa gesi na asidi zao ndogo ndogo. Nilirudia yote tokea mwanzo, majibu yakawa yale yale. Nikapanda basi la Katesh na karatasi zangu.

Ulikuwa umevaa kitenge cha kijani. Kaka alikuwa amekaa mkono wako wa kulia. Nilikuamkia, ukaitikia, nikakaa, nikasema sentensi ambayo sasa naisikia mpaka nikiwa naoga.

"Mama, tumbo limeshindwa kuivunja. Imepita yote kama ilivyoingia, mpaka mwisho kabisa."

Nikanyamaza ili uumie kidogo halafu ukubali. Uso wako ukafunguka. Sijui niueleze vipi. Ulikuwa uso ule wa zizini. Ulimgeukia kaka ukamshika goti, ukasema, "Imefika."

Nilidhani unatania. Nikaanza kueleza upya, kwa lugha nyepesi zaidi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyokuongezea nguvu. Nikasema haivunjiki. Ukasema dawa ya kweli haivunjiki. Nikasema mwili hauichukui. Ukasema mwili ukiichukua inakuwa uji. Nikasema hata mfuko wa nailoni, mama, tumbo la ng'ombe haliuvunji, nao unaua ng'ombe. Ukasema nailoni haioti msituni. Nikasema inaliwa na wadudu huko mwisho. Kaka akauliza kama wadudu hao wakiila wanakufa. Nikamjibu ukweli, kwamba wanaongezeka, na ni wadudu wazuri, na inawezekana wanaleta faida fulani kwenye utumbo. Akasema, "Umesikia, mama, ina faida." Umesomesha binti kwa ng'ombe zako ili aje akae sebuleni kwako akuthibitishie kwamba mizizi imefika.

Daktari alipiga simu. Ulimwambia umepimwa na mwanao.

Nilikufanyia kila ubaya baada ya pale. Nilikuita mshamba, mbele ya wageni. Nilimleta mchungaji akuombee ukubali kisu, ukamkaribisha chai na kikombe cha uyoga, akanywa. Nilitishia kwamba sitakuja kukuzika. Wewe hukunijibu vibaya hata mara moja, na hilo ndilo baya ulilonifanyia. Ulinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyeleta habari njema halafu akazikataa mwenyewe. Kila niliposema nenda hospitali, ulisema, "Wewe si ulisema?" Kaka akachapisha karatasi za kubandika kwenye vifurushi vyake: Imepimwa maabara, haivunjiki tumboni. Akaweka na picha yangu ya mahafali. Akina mama wa kwaya walinunua kwa ajili ya picha hiyo, wewe ukiwagawia kwa mikono yako, mikono iliyokuwa inabaki mifupa.

Ulikufa vibaya, mama. Watu wakinipa pole wanasema ulipumzika, na mimi nawaacha waseme, lakini nilikuwepo. Ulikuwa unatapika kitu cheusi. Uji wangu uliukataa, ukanywa dawa chungu ya kaka, ikarudi, ukaomba nyingine. Harufu yake mpaka leo nikiipata sokoni nabadilisha njia.

Siku moja ya mwisho mwisho, adhuhuri, kaka alikuwa ametoka kutafuta panadoli kana kwamba panadoli ingefaa kitu. Ulifungua macho ukaniuliza kuhusu lile tumbo la chupa.

"Lilikuwa linaumwa?"

Sikuelewa. Ukarudia, taratibu, ukivuta pumzi katikati. Nikakujibu kwamba chupa haiumwi, mama, ni chupa.

"Basi hukunipima mimi," ukasema.

Ukageukia ukutani. Sijui kama ulikuwa unanilaumu au unanisamehe, na hukunipa nafasi ya kuuliza. Wewe uliyekuwa na majibu ya kila mavi ya kila ng'ombe, ulisubiri mpaka huna sauti ndipo ukaligundua kosa, halafu ukaniachia mimi. Ni kweli. Chupa yangu haikuwa na uvimbe. Haikuwa na hofu, haikuwa na mtoto kipenzi, haikuzaliwa tambarare. Nilipima tumbo la mtu ambaye hayupo nikaja kulisoma jibu kwa mtu aliyekuwepo, na nilidhani kazi yangu imeishia kwenye kusema kweli.

Nilikuja kukuzika. Kaka alilia kwa sauti mpaka wanaume wakamshika. Mimi sikulia, na nilisikia wakinisema.

Sasa nikueleze kilichonifanya nichukue kalamu, kwa sababu hayo mengine unayajua.

Kaka amehamia Singida na vifurushi vyake, na picha yangu imekwenda naye. Lakini vifurushi vya zamani bado vinazunguka, na siku moja alinijia chuoni mwanamke wa Gitting, makamo yako, amejifunga kitenge juu ya koti, ameshika tumbo kwa mkono mmoja kama ulivyokuwa unalishika. Nilimwamkia, akaitikia haraka, hana muda wa kuringa. Alikuwa na kifurushi mkononi na cheti cha hospitali kwenye pochi. Daktari amemwambia akatwe. Mume amemwambia anywe. Akaniangalia, akaiangalia picha, akahakikisha ni mimi.

"Mwanangu, ni kweli tumbo haliiwezi hii?"

Karatasi zangu zilikuwa kwenye kabati nyuma ya mgongo wangu. Nilikuwa nimevaa koti jeupe. Nikamwambia si kweli. Nikamwambia tumbo linaivunja yote, mara moja, kama sukari kwenye chai, haifiki popote. Nikamwambia aliyeandika maneno yale alikosea.

"Kwa hiyo ni chakula tu."

"Ni chakula tu, mama. Dhaifu kuliko mchicha."

Aliangalia kifurushi kama mtu aliyeuziwa maziwa yaliyotiwa maji. Akakiweka juu ya meza yangu, akanishukuru, akaondoka, akaenda akakatwa. Amepona. Kipande cha tumbo kimetoka, na yeye ameinuka na amekwenda kunywa maji.

Uongo ule niliutunga nikiwa nimesimama, haukunichukua hata muda wa kumeza mate. Ulikuwepo tangu siku ile ya kitenge cha kijani, kwa lugha yako mwenyewe, wewe ulinifundisha kila neno lake zizini. Sikukupa. Nilikuheshimu, nikakupa majibu ya kweli kama yanavyotoka kwenye mashine. Yule wa Gitting sikumheshimu hata kidogo. Sikutaka aelewe kitu, nilitaka aondoke mbele yangu aende hospitali. Ndiye aliye hai.

Anayo namba yangu. Hunipigia Jumapili baada ya ibada, ananiita mwanangu, ananieleza alichokula wiki hiyo: ugali laini, maziwa ya mgando, juzi kipande cha nyama ya mbuzi, na hakikurudi. Nasikiliza mpaka mwisho. Namwambia Mungu ni mwema. Na kila akitaja chakula, mama, kila kimoja, natamani angekufa yeye.

Lala sasa, na tumbo lako zima.

Mimi binti yako, niliyekupima